Siku Niliyoingia Mashine Isiyo Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini mashine ilianza kuandika yenyewe, nami nikatoka mbio. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mkuu wa Chumba cha Teleksi alikuwa ameniacha peke yangu dakika mbili tu, akapeleka karatasi zikatiwe saini, na agizo lake lilikuwa fupi: nikae kitini, nisiguse kitu. Sikugusa kitu. Mashine ile ilinguruma, meza ikatetemeka, na herufi zikaanza kugonga karatasi moja baada ya nyingine bila mkono wa mtu. Nilimkuta Mkuu ukumbini, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha shule kwamba kuna mtu ndani ya mashine.

Hakucheka. Alikuwa mtu mfupi kutoka nyanda za juu, aliyefunga shati hadi kifungo cha shingoni hata katika joto la Mahajanga, na kucheka hakukuwa sehemu ya kazi yake. Alinitazama juu mpaka chini.

"Kama kuna mtu," alisema, "rudi ukamwulize ni nani."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kampuni yetu ilikuwa wakala wa meli, yaani ndiyo iliyoshughulikia karatasi na mizigo ya meli zilizotia nanga Mahajanga, bandari ya magharibi ya Madagaska. Mtaa wetu wa Wangazija ulikuwa umebaki na watu wachache baada ya ghasia zilizoua Wangazija wengi mjini, na wengi wa jamaa zetu walikuwa wamekwisha kuvushwa kwenda Ngazija. Baba alikataa kuondoka. Kulia kwetu na kushoto kwetu milango ilikuwa imefungwa, na mimi nilikuwa binti mkubwa, kwa hiyo kazi ile nilipaswa kuishika kwa meno. Ndiyo maana nilirudi chumbani.

Niwaeleze vijana teleksi ilikuwa nini, maana wajukuu wangu nikiitaja wanadhani ni jina la ugonjwa. Ilikuwa mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na waya kama wa simu. Ulichochapa Mahajanga kilijichapa Mombasa au Zanzibar papo hapo, kwenye karatasi ya mtu usiyemwona. Kila mashine ilikuwa na namba ya kuipigia. Lakini ndani yake kulikuwa pia na kigurudumu kidogo cha chuma chenye meno, na mpangilio wa meno hayo ulikuwa jina la mashine. Tulikuwa na kitufe tulichokiita "Nani wewe". Ukikibonyeza, mashine ya mbali hulitaja jina lake yenyewe, hata kama ofisi nzima imekwenda kula. Sheria ya Mkuu ilikuwa kubonyeza kabla ya neno la kwanza, na kubonyeza tena baada ya neno la mwisho. Karatasi isiyo na jina juu na chini aliichana mbele ya macho yako.

Mwezi wa tatu aliichana yangu. Nilikuwa nimetuma orodha ndefu ya mizigo kwa wenzetu wa bandari ya Tamatave bila kuuliza, kwa sababu nilikuwa na haraka na namba nilikuwa nayo kichwani.

"Namba ni ileile, Bwana Mkuu," nilimwambia.

"Namba ni ya waya," alisema. "Waya hupewa mtu mwingine. Jina ndilo la mashine. Wewe umezungumza na waya."

Nilipopiga tena na kubonyeza, jina lililojibu lilikuwa la duka la vifaa vya ujenzi. Wenzetu walikuwa wamehama ofisi, na orodha yetu yote ilikuwa mezani kwa mtu anayeuza misumari. Nilipigwa na butwaa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuzungumza ukurasa mzima na asiyemkusudia, na asihisi chochote.

Kiswahili hiki ninachowaandikia kilinolewa kwenye mashine hiyo. Nyumbani tulisema Kingazija na Kimalagasi, na Kiswahili kilikuwa maneno ya bibi yangu, ya dua na ya biashara. Lakini waendesha teleksi wa Mombasa na Zanzibar walipenda kupiga soga kwa vidole meli zikichelewa, nami nikajifunza hivyo, kwa herufi kubwa tupu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishiwa kisiwa cha Nosy Be, kwenye ofisi yetu ya mji wa Hell-Ville, chini ya Mwakilishi wa Kampuni. Huyu alikuwa kinyume cha Mkuu wa Chumba kwa kila kitu: mnene, mwenyeji wa kisiwa, mwenye kumjua kila anayepita mbele ya dirisha. Yeye alisema habari yoyote iliyo muhimu itafika tu, na isiyofika haikuwa muhimu. Nilikaa naye miaka minane, nikituma habari za pilipili manga na za mafuta ya mlangilangi, na kila mara nilibonyeza kitufe juu na chini. Mwakilishi alinitania kwamba siku ya Kiyama nitamwuliza malaika jina lake kwanza.

Kisha faksi ikaja, na teleksi ikafa. Siku waliyokuja kuichukua nilisimama mlangoni nikiwa siamini. Watu wawili waliibeba kama wanavyobeba jiko bovu, wakaiweka nyuma ya gari juu ya magunia. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, watoto wawili, na ufundi ambao dunia nzima ilikuwa imeacha kuuhitaji katika muda wa kunywa chai.

Nilijifunza kompyuta kwa hasira. Nilirudi Mahajanga, nikasoma vitabu vya maelekezo vya Kifaransa na kamusi pembeni, na miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa fundi katika kampuni ndogo ya matengenezo ya kompyuta. Mkurugenzi wake alikuwa kijana aliyesomea kisiwa cha Reunion, rika la mwanangu wa kwanza. Alinipa wateja wote wa Nosy Be kwa kuwa niliwahi kuishi huko, halafu akaja na takwa lake.

"Madamu Zalifa," alisema, "ukienda Nosy Be nakupoteza wiki nzima. Basi la teksi-brusi mpaka gati la Ankify, kisha boti, kisha kurudi vilevile. Tafuta njia ya kufika bila kwenda."

Njia ilikuwapo, lakini ilikuwa na mwiba. Kila kompyuta inayoingia kwenye intaneti hupewa namba ambayo ndiyo anwani yake, na bila kuijua huwezi kuifikia ukiwa mbali. Wenye uwezo hulipia namba ya kudumu. Wateja wetu wa Nosy Be walipewa za kuazima. Fikiria kadi za foleni za hospitali: unaingia, unapewa kadi ya kumi na nne. Ukitoka kununua maji kadi inarudi dirishani, na ukiingia tena unapewa ya thelathini, wakati ya kumi na nne ameshaishika mama mwingine. Umeme wa kisiwani ulikatika ulivyopenda. Uliporudi, kila modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na waya wa simu, ilipanga foleni upya na kupewa namba nyingine.

Mwanzoni wateja walinisomea namba kwa simu kila asubuhi. Nilikuwa nimewawekea kwenye skrini kitufe kilichoandikwa NAMBA, wanakibonyeza na kunisomea. Walisoma vibaya, walisoma ya jana, mmoja alinisomea namba iliyobandikwa chini ya kompyuta kiwandani. Baadaye nilijifunza njia ya jina. Unaweka ndani ya kompyuta programu ndogo yenye kazi moja: kila namba inapobadilika, huripoti namba mpya kwenye daftari lililoko intaneti. Wewe wa mbali unaita jina tu, daftari linakupa namba ya wakati huo, unaingia. Mara ya kwanza nilipoita jina la hoteli moja ya Ambatoloaka nikiwa sebuleni kwangu Amborovy, kando ya Mahajanga, skrini ya mapokezi yao ikatokea mbele yangu, nilitweta. Nilisogeza kipanya mezani kwangu na kishale kikatembea Nosy Be. Niliwaita majirani waje waone.

Hapo kiburi kikaniingia. Kompyuta zote za wateja wangu nilizipanga sawasawa, folda zilezile mahali palepale, na nyuma ya skrini picha ileile ya ua la mlangilangi niliyoipiga mwenyewe. Zote nilizipa neno la siri moja, kwa sababu nilijisifu kwamba siandiki neno la siri popote. Zote niliziwekea amri yangu ya kusafisha, inayofuta folda ya kazi na nakala zake kwa mkupuo mmoja. Mkurugenzi alisema nimepanga kazi kama jeshi. Na daftari lile la majina lilikuwa na kasoro ambayo niliisoma kwa macho yangu: hujua tu kile lilichoambiwa mara ya mwisho. Kompyuta ikizimwa hairipoti kitu, na daftari hubaki na namba ya zamani hata kama imeshapewa mwingine. Nilisoma, nikageuza ukurasa.

Miongoni mwa wateja ilikuwamo kliniki ndogo ya Hell-Ville. Muuguzi Mkuu wake, Madamu Felisite, alikuwa na orodha ambayo kwake ilikuwa na thamani kuliko dawa zake zote. Kliniki haikuwa na akiba ya damu. Ilikuwa na orodha ya wakazi wa kisiwani waliokubali kutoa damu wakiitwa: jina, kundi la damu, mtaa, simu. Mama akitokwa na damu wakati wa kujifungua, Madamu Felisite aliitazama orodha na kumpigia mtu mwenye kundi linalofaa. Miaka mingi ilikuwa katika daftari la karatasi. Mimi ndiye niliyeiingiza kwenye kompyuta, jina baada ya jina, na mimi ndiye niliyemwambia, "Daftari la nini tena, Madamu?" Masika yaliyofuata alilitupa, maana lilikuwa limeota ukungu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Saa nne asubuhi Meneja wa hoteli ya Ambatoloaka alinipigia simu kutoka Antananarivo. Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha, hoteli inafungwa kwa ukarabati, akaomba nisafishe kumbukumbu za wageni kama kila mwaka. Nilimwambia itakuwa tayari kabla hajamaliza kahawa yake. Hakujua, nami sikujua, kwamba Ambatoloaka haikuwa na umeme tangu alfajiri, na kompyuta ya hoteli ilikuwa imezimika.

Niliita jina la hoteli. Ua la mlangilangi likatokea. Niliandika neno langu la siri, likakubaliwa. Nikatoa amri ya kusafisha. Kompyuta iliuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo, nikaenda jikoni kupunguza moto chini ya sufuria.

Niliporudi, kishale kilikuwa kinatembea chenyewe.

Sikuwa nimegusa kipanya. Kishale kilikwenda huku na huku juu ya skrini, kikafungua folda, kikaifunga, kikaifungua tena. Ilikuwa tupu. Kisha ukurasa mweupe ukafunguka na herufi zikaanza kuingia moja moja, kwa Kifaransa. NANI WEWE. Nilisimama na mwiko mkononi. ORODHA YANGU IKO WAPI. Na chini yake, polepole, za mtu asiyezoea kibodi: NINA MAMA ANATOKWA DAMU.

Hoteli haina orodha, hoteli haina akina mama wanaotokwa damu. Namba ya zamani ya hoteli ilikuwa imepewa kliniki, daftari la majina lilikuwa halina habari, na neno langu la siri la kujivunia lilikuwa limenifungulia mlango wa watu bila kuuliza. Niliwahi kubonyeza kitufe cha "Nani wewe" maelfu ya mara kwa ajili ya magunia ya pilipili. Siku ile sikutazama hata jina la folda.

Nilipiga simu. Madamu Felisite alipokea mlio wa kwanza.

"Ni mimi, Zalifa," nilisema. "Ni mimi niliyefuta."

"Basi rudisha," akasema. "Ana kundi ambalo kisiwa kizima nina watu watatu. Daktari hawezi kumpasua bila damu."

"Wakumbuke hao watatu."

"Zalifa, ningekuwa nawakumbuka ningeandika orodha ya nini?"

Nilimwambia asiguse kitu chochote. Kompyuta inapofuta faili huondoa tu jina lake, na maandishi hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila mguso ungeweza kuandika juu ya mtu. Programu ya kufufua mafaili nilikuwa nimeiweka kwenye kila mashine, nikaiwasha, na vipande vikaanza kuchomoza: nusu ya jina, mtaa usio na mwenyewe, tarakimu. Kisha skrini ikaganda. Waya wa Hell-Ville ulikuwa umekatika, na uliporudi kliniki ilikuwa na namba nyingine.

Nilimwambia abonyeze NAMBA na kunisomea. Alisoma. Niliingia, nikaliona ua langu, na safari hii nilikataa kugusa.

"Andika jina lako kwenye ukurasa," nilimwambia.

"Nina mtu anakufa, wewe unataka jina?"

"Andika, Madamu, nakuomba."

FELISITE, ikaandikika mbele yangu, na nyuma ya sauti yake nilisikia mwanamke akilia kwa sauti ya chini kama mtu aliyechoka kulia. Madamu alikuwa akimwita Soafara, akimwambia asifumbe macho.

Ilichukua saa moja na nusu. Kati ya watu wale watatu nilimpata mmoja, jina na mtaa, namba yake ya simu imekatika katikati. Alikuwa fundi wa majokofu wa Dzamandzar, humohumo kisiwani. Dereva wa kliniki alikwenda, akaambiwa nyumbani kwake kwamba amevuka kwenda Ankify kupokea vifaa. Mkewe ndiye aliyekuwa na namba yake nzima. Fundi aliacha vifaa vyake gatini Ankify, akapanda boti ya kwanza, akafika kitandani kutoa damu saa nane mchana. Soafara aliishi. Mtoto wake, msichana, alitolewa akiwa ameshakufa.

Daktari alisema hakuna anayeweza kujua. Huenda mtoto alikuwa amekwisha kabla sijaita jina la hoteli, huenda aliishiwa nguvu saa saba na nusu. Kilichonimaliza nilikijua wiki iliyofuata, nilipoendelea kufufua vipande. Wa pili kati ya wale watatu alikuwa mwalimu wa chekechea anayeishi nyuma ya kliniki, mlango wa nne. Madamu Felisite alisalimiana naye kila asubuhi. Hakuwa na haja ya kuweka kichwani kundi la damu la jirani, kwa kuwa lilikuwa kwenye orodha. Nilikaa chini sakafuni ofisini, na watu wakadhani nimeanguka.

Mkurugenzi alinifungia mlango, akanipa maji. Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke.

"Ripoti itasema umeme," alisema. "Kila mtu Nosy Be anaamini umeme. Ukisema vingine, tunafunga duka hili, na mtoto harudi."

Nilinyamaza, na ripoti ikasema umeme. Familia iliambiwa umeme. Nilimpigia Madamu Felisite nikitarajia anilaani au anisitiri, moja kati ya mawili. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mimi sitasema kwa ajili yako," aliniambia. "Ukitaka kusema, nyumba yao naijua."

Arobaini ya mtoto ilipopita nilipanda teksi-brusi bila kumuaga Mkurugenzi. Soafara aliishi Ambatoloaka, nyuma ya safu ya mahoteli, akitarizi vitambaa vya meza ambavyo mama yake aliwauzia wageni. Nilimkuta barazani, kitambaa cheupe kimemfunika magoti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisogezea kigoda.

"Waliwaambia umeme," nilisema. "Haukuwa umeme. Ni mimi."

Sindano iliendelea kuingia na kutoka. Nilimweleza jinsi nilivyoita jina la hoteli, jinsi ua lilivyotokea.

"Ulikuwa unamtaka nani?" aliuliza.

"Hoteli."

"Ukampata nani?"

"Nyinyi."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

Aliukata uzi kwa meno. Nilijiandaa kwa kofi, kwa mayowe, kwa majirani kujaa. Nilijiandaa hata kwa msamaha, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshatayarisha machozi ya kuupokea.

"Leo siwezi kusikia zaidi ya hapo, Madamu," alisema. "Nenda. Mwaka ujao uje unieleze tena."

Mama yake alitoka ndani akanipa maji, nikanywa, nikaondoka.

Nilipofika Mahajanga nilimwambia Mkurugenzi nimesema. Alikasirika siku tatu, kisha akaibadilisha ripoti kwa mkono wake mwenyewe. Duka halikufungwa. Tulipoteza wateja wengi, na kliniki haikuwa miongoni mwao, jambo ambalo mpaka leo silielewi. Kila mashine nikaipa neno lake la siri, nikayaandika kwenye daftari ninalolifungia kabatini. Picha ya ua niliiondoa. Kila skrini nikaiwekea jina la mwenyewe kwa herufi kubwa kama mlango. Fundi niliyemfundisha hakuruhusiwa kutoa amri yoyote kabla mtu wa upande wa pili hajaandika jina lake. Vijana walinung'unika kwamba ni kupoteza muda. Niliwaacha wanung'unike.

Na kila mwaka nilikwenda Ambatoloaka. Mwaka wa pili Soafara alinisikiliza mpaka kishale kilipoanza kutembea chenyewe, akainua mkono, nikanyamaza. Mwaka wa tatu alifika kwenye maandishi. Mwaka mmoja alinirudisha nyuma, akataka kujua nilikuwa napika nini jikoni. Ulikuwa mchuzi wa maharage, nikamwambia, akatikisa kichwa. Mwaka mwingine alifika hadi Ankify, kwa fundi aliyeacha vifaa vyake gatini, hapo akasema basi. Aliolewa tena, akazaa wavulana wawili, biashara ya vitambaa ikawa yake. Kamwe hakuniruhusu kufika saa nane mchana.

Nimestaafu sasa. Vijana hunijia Amborovy na simu zao, wananionyesha jinsi wanavyofungua duka lao la Mahajanga wakiwa ufukweni, na wanafikiri nitashangaa. Nashangaa kweli. Nashangaa kuona jinsi tunavyoingia mahali pa watu kwa ncha ya kidole, na hakuna anayesikia mlango. Miaka yangu yote ya kazi nilifundishwa na mashine jambo moja la adabu, la kumwuliza mtu ni nani kabla hujamwambia lolote, nami niliona nimekuwa stadi mno kulihitaji. Wakiniuliza ufundi ni nini, hilo ndilo ninalowaambia, halafu nawaona wakitazama simu.

Mwaka huu goti langu la kushoto limekataa. Daktari amesema nisithubutu kupanda teksi-brusi, siku na usiku nimekunja miguu. Nilimpigia Soafara kumwambia kwamba sitakuja, mara ya kwanza tangu tujuane. Alisema amesikia, akakata simu. Nilikaa na simu mkononi, nimeumia kuliko nilivyotegemea, maana nilidhani hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki kati yetu na yamekwisha.

Alhamisi iliyopita, baada ya adhuhuri, mtu alibisha hodi langoni. Nilimwuliza ni nani, akataja jina lake, na bado sikuamini. Alikuwa na vumbi la njia nzima kwenye nywele, begi dogo begani, na miguu imevimba kwa safari. Nilitaka kumpa maji, nilitaka kumwonyesha bafu na kitanda. Alikataa vyote kwa mkono. Alikaa kwenye kiti changu cha barazani, akavua viatu, akaviweka kando.

"Anza, Mama Zalifa," alisema. "Leo nitasikia mpaka mwisho."